Aliusikia mlango ukifunguliwa: jibu kwa mwandishi wa riwaya ya kambini

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 23, naishi Portland, jimbo la Maine, Marekani. Wazazi wangu ni Wakongo, mimi nilizaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Nikiwa na miaka 14 na tena 15 nilipata ufadhili wa kwenda kambi ya wasichana ya likizo, kando ya ziwa. Sasa naandika riwaya ya vijana kwa Kiswahili. Wasichana wanne wanalala kibanda kimoja, mmoja anatoweka usiku. Nimefika sura ya 9. Watu watano wameisoma, wawili wako Dar, mmoja Bukavu, wawili hapa. Wote wanasifu lugha, lakini wanasema haiwashiki. Nimeongeza dhoruba, nimeongeza vivuli na damu kidogo, bado. Nimekosea wapi? Na hili neno 'kambi', nilitumie au nitafute jingine?"

Marahaba, mwanangu. Sura zako tisa nimezisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma kama msomaji tu, nikilala nazo kitandani, na mara ya pili nikiwa na kalamu. Nianze kwa kukuambia kwamba wasomaji wako wanasema kweli kuhusu lugha, na wanasema kweli pia kwamba haiwashiki. Tatizo unalo mahali pamoja, na dhoruba haitaliponya.

Kisa chako, kwa ajili ya wengine watakaosoma jibu hili, kinasimuliwa na Neema, miaka 15, kwa nafsi ya kwanza. Sura ya 2 mwenzake Paige anatoweka. Kuanzia hapo hadi sura ya 8 Neema anatafuta, anaogopa, anasikia nyayo nyuma ya zahanati, anaona mtu mwenye kovu. Kisha sura ya 9 tunaambiwa kwamba usiku ule Neema hakuwa amelala. Aliusikia mlango ukifunguliwa. Alimwona Paige akitoka, viatu mkononi.

Hapo nikafunga daftari. Kwa kurasa zaidi ya mia nimekaa ndani ya kichwa cha msichana huyu. Nimejua anavyochukia mtindi wa pale, nimejua anavyokunja soksi zake. Na muda wote huo hajawahi, hata mara moja, kuufikiria ule mlango? Mtoto wa miaka 15 aliyeona alichokiona Neema asingeweza kukitoa kichwani hata kwa dakika tano. Angekula nacho, angeoga nacho. Umemficha msomaji jambo ambalo msimulizi wako halijamtoka akilini, kwa hiyo siri inapofichuka msomaji hashtuki. Anajiona amechezewa.

Najua tulipolipata kosa hili, kwa sababu wengi wetu tunalo. Shuleni tulifundishwa kwamba taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua kitakachotokea mbele. Maana hiyo ni sahihi, ila sisi tukaielewa kuwa ni kuficha. Halafu tumekulia kwenye riwaya za upelelezi. Tangu Muhammed Said Abdulla alipotuletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, tumezoea mtu mwenye akili nyingi kuliko sisi, anayeingia kwenye fumbo akiwa mtu wa nje na kutufungulia mwishoni. Kule kuficha kunakubalika. Mpelelezi tunamtazama usoni, hatuko kichwani mwake. Riwaya yako haina mpelelezi, na nakuomba usimlete. Neema hana ofisi wala bastola, hana hata simu, maana kambi nyingi za namna hiyo huwanyang'anya watoto simu siku ya kwanza. Mali yake ni moja tu, kile anachokijua.

Basi mpe msomaji mali hiyo mapema. Mweleze kila kitu sura ya 2, usiku ule ule. Nimejaribu kuiandika upya aya yako, si kwa kukupokonya kalamu, ila uone ninachosema:

"Mlango wa wavu una springi inayolia, na kila aliyelala kibanda cha 6 anajua namna ya kuinyamazisha: unaibana kwa kidole unapofungua. Paige aliibana. Mkono wa pili ulishika viatu. Mimi nilikuwa deka ya juu, macho wazi, na alipogeuka akaniona. Hakusema kitu. Alikitoa kidole kwenye springi akakiweka mdomoni, na mlango ukalia kidogo. Asubuhi mlezi aliponiuliza, nilisema nilikuwa nimelala."

Sentensi ya mwisho ndiyo riwaya yako. Kuanzia hapo msomaji anabeba siri pamoja na Neema, na kila mtu mzima anayeingia kwenye ukurasa ni hatari. Uongo wa kwanza aliuambia kwa mlezi, nao ulikuwa mdogo. Saa moja baadaye mkurugenzi anauliza swali lile lile mbele ya wasichana wote, na sasa kubadili jibu ni kukiri kwamba alidanganya. Baada ya hapo anakuja askari na daftari, na mchana anakuja mama yake Paige. Swali halibadiliki, linalopanda ni bei ya kulijibu kweli. Hutahitaji kivuli hata kimoja.

Nilisoma bweni miaka minne, na usiku mmoja nilimwambia matroni kwamba mwenzangu yuko chooni. Hakuwa chooni, alikuwa amepita dirishani. Alirudi kabla ya alfajiri, salama kabisa, na hakuna aliyejua. Lakini mpaka leo naweza kukuelezea ndala za matroni zilivyokuwa zikipiga sakafu, zikienda upande wa choo, zikisimama, zikirudi. Ulizia wanawake wowote watatu waliosoma bweni, wote wana usiku kama huo. Wasomaji wako wa Dar na Bukavu watauelewa uongo wa Neema kabla hawajaielewa kambi.

Ila kuna tofauti, na ndipo ulipo utajiri ambao hujaugusa. Sisi bweni tulinyamaza kwa kuogopa adhabu. Kule kambini hakuna viboko wala kufyeka nyasi. Sasa Neema anaogopa nini? Umeandika "niliogopa" mara kumi na nne (nimezihesabu) bila kutuambia. Jibu umeliandika wewe mwenyewe kwa penseli pembeni mwa sura ya 4, kwamba mama yako alikuambia kabla ya kupanda basi: "Usiniletee maneno huko." Mwanangu, hayo ni maneno ya kuingia kwenye kitabu! Wenzake Neema wamelipiwa na wazazi wao. Yeye amelipiwa na watu asiowajua, na amefundwa kushukuru. Mtoto wa namna hiyo hawi mwenyeji hata akikaa majira mazima. Mgeni hasemi kwamba ameona jambo baya katika nyumba aliyokaribishwa.

Ukitaka ushahidi wa ugeni wake, uko ukutani. Umetaja kwa nusu sentensi kwamba mbao za kibanda zimeandikwa majina na miaka ya waliowahi kulala pale. Kaa hapo! Kambi za wasichana za upande huo wa Marekani ni za zamani. Ile ya wavulana ya Ernest Balch kule Squam Lake, New Hampshire, ilianza 1881, na Laura Mattoon akafungua ya wasichana katika jimbo hilo hilo mwaka 1902. Kwa hiyo si ajabu msichana akalala chini ya jina la bibi yake. Paige anaweza kuwa na jina la mama yake pale juu ya mto, limechongwa kwa kisu. Neema kila usiku anasoma majina mpaka usingizi unamchukua, na hakuna hata moja la kwao. Hatua moja tu kutoka hapo unamwelewa kwa nini anafunga mdomo, na hukuhitaji kueleza.

Nije kwenye ule ubao wa majina kule gatini, wasichana wanapoogelea. Ukiniruhusu, hili ndilo ningelijenga kuliko yote, na nakiri lilininyima usingizi kwa furaha. Wasomaji wengi hawalijui, kwa hiyo lieleze taratibu. Hakuna anayeingia ziwani peke yake. Kila msichana ana mwenzake wa kuogelea, na kila mmoja ana kijibao chenye jina lake kwenye ubao mkubwa. Ukiingia majini unakigeuza upande mwekundu, ukitoka unakirudisha upande mweupe. Kila baada ya dakika kadhaa kipenga kinalia, wote wanasimama palepale walipo, kila jozi inashikana mikono na kuinyanyua juu, mlezi anahesabu. Mwisho wa zamu ubao wote lazima uwe mweupe. Kibao kimoja kikibaki chekundu, maana yake kuna mtu hajatoka majini, na kengele inapigwa.

Sasa tazama. Paige na Neema wameogelea jioni. Wametoka, wanacheka, wanatetemeka, Paige amesahau kugeuza kibao chake. Mlezi wa zamu alitakiwa kuukagua ubao na hakuukagua. Usiku Paige anaondoka kwa miguu, mkavu, kupitia njia ya msituni. Asubuhi wanamkosa, wanakimbilia gatini, na kibao chake ni chekundu.

Wote wanaamini amezama. Walezi wanashikana mikono, wanajipanga mstari mmoja na kuingia ziwani hatua kwa hatua, wakipapasa chini kwa miguu, kama wanavyofundishwa. Wasichana wamekalishwa kwenye nyasi. Wengine wanalia. Na Neema amekaa kati yao, anatazama watu ishirini wakitafuta maiti ndani ya maji, akijua kwamba Paige hayumo. Kila dakika wanayopoteza ziwani, Paige anazidi kuwa mbali, au anazidi kuwa hatarini. Akisema, wote watajua alidanganya asubuhi. Asiposema...

Sura hiyo moja inaweza kuwa kurasa thelathini na hakuna msomaji atakayesimama kwenda kunywa maji.

Pia inakuondolea yule mtu mwenye kovu, ambaye kwa kweli simwamini. Anaonekana sura ya 3, anapotea, anarudi sura ya 8 anakiri makosa yake kwa sadfa tupu. Humhitaji. Tayari unaye mtu wa pili mwenye siri, yule mlezi aliyekuwa zamu ya ubao. Walezi wa kambi hizi wengi ni wanafunzi wa vyuo, miaka 18, 19, 20, wengine wametoka nchi nyingine kufanya kazi ya msimu. Huyu wako ana miaka 19. Anajua kwamba hakuukagua ubao jana jioni, na anajua Paige alitoka majini kwa sababu alimpa taulo. Akisema, amekiri uzembe. Basi kuna watu wawili pale ufukweni wanaojua ziwa halina mtu, kila mmoja ananyamaza kwa aibu yake, na hawajui kwamba wako wawili. Siku macho yao yatakapokutana, huna haja ya nyayo zozote nyuma ya zahanati. Na kwa kuwa kawaida mlezi hulala kibanda kimoja na watoto, utajibu pia swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kwenda kambini atakuuliza: mlezi wa kibanda alikuwa wapi usiku ule? Mfanye awe huyo huyo.

Mambo madogo niyapitie haraka. Sura ya 2 umeandika "saa 2 usiku, giza totoro". Umeandika hivyo kwa kumhurumia msomaji wa pwani, ambaye jua lake huzama saa 12 na kitu mwaka mzima. Lakini Maine mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa 2:30 usiku, na linachomoza kama saa 11 alfajiri. Usimfichie msomaji ajabu hiyo. Mwache Neema alale kukiwa bado na mwanga kwenye wavu wa dirisha, asishike usingizi, asikie kule ziwani mlio wa yule ndege wa majini anayeitwa luni, unaofanana na mtu anayelia kwa mbali. Giza lenyewe ni fupi, na ufupi huo unakusaidia kwa sababu Paige ana saa chache tu za kufika anakokwenda kabla hakujapambazuka.

Sura ya 6 umewaleta FBI kwa helikopta. Mtu akipotea msituni Maine, wanaoongoza msako ni Maine Warden Service, askari wa wanyamapori wa jimbo, pamoja na mbwa wao wa kunusa. Askari mmoja mkimya aliyezoea kufuata nyayo za wanyama, anayeinama kutazama udongo wa njia badala ya kutazama ziwa, atamtisha Neema kuliko helikopta kumi. Akiinuka na kuuliza, "Nani hapa anavaa namba 6 ya viatu?", nakuhakikishia moyo wa msomaji utaruka.

Zile roho za Wahindi Wekundu zinazosimuliwa kwenye moto sura ya 5, zitoe. Wabanaki, wenyeji wa ardhi hiyo, wapo leo hii: Penobscot, Passamaquoddy na wengine. Kambi za Marekani kwa zaidi ya karne zimejipamba kwa majina na mila za watu kama hao bila kuwauliza, na wewe uliyezaliwa ukimbizini hutapenda kuwafanya watu walio hai kuwa mizimu ya kutishia watoto. Hadithi ya motoni iwe ya kambi yenyewe, ya msichana fulani ambaye jina lake ukutani limefutwa kwa msasa.

Na mafuriko ya sura ya 8, hilo nakusihi kama mzazi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 2025 mto Guadalupe ulifurika kule Texas, na kambi moja ya wasichana ikapoteza watoto na walezi 27. Wapo wazazi ambao hawatalala tena usiku wenye mvua. Sisemi maji yasiandikwe kamwe. Nasema usiyatumie kumwondoa mhusika uliyeshindwa kumwondoa kwa njia nyingine, na hapo ndivyo ulivyofanya. Ukitaka hali ya hewa, ngurumo inatosha. Ikisikika, wote wanatolewa majini, na hawarudi mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo nyingine. Kwa hiyo katikati ya ule msako wa ziwani, radi inapiga, walezi wanatolewa, na Neema anapewa nusu saa ya kukaa kibandani na kuamua. Mpe saa ya ukutani aitazame.

Barua umezitumia vizuri, ziongeze. Barua aliyomwandikia mama yake Jumapili, "huku tuko salama, Paige ananifundisha kupiga kasia", itafika Portland siku mbili tatu baadaye, Paige akiwa ameshatoweka. Msomaji aione ikifika. Na jibu la mama limekuja kwa Kiswahili, kwa hiyo pale kambini hakuna anayeweza kulisoma isipokuwa Neema, na mkurugenzi anaitaka itafsiriwe. Atatafsiri nini, na ataruka nini? Hapo Kiswahili chenyewe kinakuwa ndani ya kisa, jambo ambalo riwaya ya Kiingereza ya kambini isingelipata.

Limebaki neno "kambi". Wenzio wa Dar wamekushauri "kambi ya kiangazi". Mimi silipendi, maana kiangazi kwetu ni ukavu, mito imekauka, na huko kwako Julai kila kitu ni kijani na mvua inanyesha. "Kambi ya likizo" inatosha mara ya kwanza, baada ya hapo sema "kambi" tu. Unaogopa kwamba msomaji akisikia kambi ataona mahema, foleni ya mgao na uzio. Mwache aone. Mama yake Neema anaona hivyo hivyo. Umempa mama huyo sentensi moja ambayo sijaisahau tangu niisome, siku binti anapoleta fomu ya ufadhili mezani: "Nimengoja miaka 17 kutoka kambini, na wewe unanililia uende kambini?" Umeificha ukurasa wa 131, ndani ya kumbukumbu, katikati ya aya. Itoe huko. Iwe mstari wa kwanza wa kitabu, kisha unitumie sura ya 1 na ya 2 tu, hizo nyingine ziache kwanza kabatini.